Guni

Kioo nambari mia saba na kumi.
Mwanamke, Mtongwe, titi la kushoto.
Nimeikata nyama yake ndani ya nta,
wembamba wa mikroni nne,
nikaielekeza juu ya maji vuguvugu
kama mtu atandikaye shuka bila kumwamsha aliyelala.

Dirisha la maabara latazama Makadara.
Umeme umekatika mara mbili tangu asubuhi.
Dakta Saggaf ataka jibu kabla ya adhuhuri.
Rangi haijui adhuhuri.

Ninayoitafuta ni protini moja,
jina lake nambari tu: hamsini na tatu.
Katika seli nzima ni shida kuiona.
Huzaliwa, na kabla kahawa haijapoa
imeshashikwa mkono, ikatolewa nje, ikavunjwa.
Ndivyo itakiwavyo. Mlinzi asiye na kazi
hakai mlangoni akawatia watu hofu.

Lakini jua likiukata uzi wa urithi,
moshi ukipenya,
herufi ikikosewa seli inapojinakili,
yule mtoaji huzuiwa asimguse.
Walinzi wakajaa. Wakashikana wanne wanne.

Wanne: hapo ndipo namkumbuka mama,
Mwana Esha, akinihesabisha mizani
kwa vidole juu ya paja, Kibokoni,
samli ya chapati ingali mkononi.
Mishororo minne, akisema,
na kila mmoja wawashikilia watatu.

Wanne hao huteremka juu ya uzi,
wakapapasa hata wakafika mahali pao,
vina wavijuavyo gizani,
na jeni iliyokuwa kimya ikasomwa kwa sauti:

    Ukikuta kitabuni, herufi imegeuka,
    Simama hapo njiani, usivuke ukaruka,
    Rekebisha kwa makini, hata kukipambazuka,
    Ukishindwa, kwa amani, jizime na kuondoka.

Kazi yenyewe hawaifanyi wao. Wao huamsha tu.
Jeni moja huamka ikakanyaga breki,
nyingine ikaita mafundi,
na ile ya mwisho huja na mkasi.
Sasa hivi, nikiandika haya,
kuna seli mwilini mwangu imejiua kwa adabu
wala sitaijua.

Nimemimina kingamwili. Nimesubiri. Nimeosha.
Rangi imetoka.
Kahawia. Kahawia kila kiini, nzito,
kama mashapo chini ya kikombe.

Mgeni angefurahi: tazama walinzi walivyo wengi!
Ndio msiba wenyewe.
Herufi moja imegeuka katika jeni ya mlinzi
na mkono wake haushiki uzi tena.
Wala hapana wa kumtoa,
kwani yule mtoaji naye
huamshwa na mlinzi aliye mzima.
Basi wamejaa, wamesimama, hawasomi kitu.
Na mbovu mmoja akiingia kati ya wanne
huwalegeza wote.
Mama alikuwa na neno la ubeti wa namna hiyo.
Guni, angesema, akanyamaza,
na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko kofi.

Nje, kwenye benchi, yuko mwenyewe,
Bi Mwanamkuu, amevuka feri ya alfajiri
na kikapu chenye chupa ya chai na barua ya kliniki.
Nilipopita aliniuliza,
"Mwanangu, mwaona nini humo ndani?"
Nikasema daktari atakwambia.
Hakunitazama usoni. Alinitazama vidole,
vina madoa ya kahawia,
nami nilichelewa kuvitia mfukoni.

Nimerudi kwenye darubini.
Viini mia moja nimevihesabu, nikarudia.
Tisini na viwili vimeshika rangi.
Naiandika hiyo tisini na mbili
taratibu, kwa kalamu,
mwandiko wa kusomeka.